Mwanamume wa Kusimama Karibu na Ngazi

Nina miaka thelathini na moja na nimestaafu. Cheka kwanza. Ukimaliza tuendelee.

Mwalimu wetu wa zamani, yule wa darasa la umeme pale chuo cha ufundi, alinipigia simu akaniambia mwaka huu amepata wasichana wengi, na wangependa kusoma maneno ya mtu aliyewatangulia. "Andika kitu cha kuwatia moyo, Mama Imani," akasema. Nikamwambia nitaandika. Kuhusu moyo sikuahidi. Kwa hivyo wasichana, haya ndiyo mambo ya kazi yangu, tangu nilipoanza hadi nilipouza ngazi. Mshahara sitautaja kwa sababu fundi wa mtaani hana mshahara. Kupandishwa cheo pia hakuna. Kupanda nilipanda, lakini ni hiyo ngazi.

Nilianzia Kaloleni, kwa zile nyumba kuukuu za kanjo, za serikali ya jiji, ambazo nyaya zake bado zilikuwa zimevalishwa kitambaa. Ukikigusa kinamomonyoka kama mkate uliokauka, na ndani waya uko uchi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapita chuo, nikapata cheti, nikadhani najua stima. Chuoni nilifundishwa kuichora. Aliyenifundisha kuishika ni Fundi Ndeto.

Ndeto hakuwa mtu mzuri. Nasema mapema kwa sababu watu wakiandika kuhusu aliyewafundisha kazi humfanya malaika. Mdomo wake ulikuwa mchafu, alinuka sigara, na alinichukua kwa sababu kijana wake mwenyewe aliikataa stima akaenda kuuza simu. Kwa wateja alinitambulisha kama "msichana wangu wa kubeba ngazi", hata siku ambazo yeye alikuwa ameketi anakunywa chai yao na mimi niko ndani ya dari na mende. Lakini kazi aliijua, na hakunificha kitu. Namshukuru, ila kwa hasira.

Mambo aliyonifundisha ndiyo haya, na mkichukua haya peke yake mkaacha mengine yote niliyoandika, sitakasirika. La kwanza: kitu usichokijua usikishike kwa kiganja. Kiguse kwa mgongo wa mkono. Stima ikipiga kiganja, vidole vinafumba, na vikifumba umeishika na haikuachi. Ikipiga mgongo wa mkono, mkono unaruka wenyewe. La pili: tesita, ile bisibisi yenye taa ndani, ijaribu kwanza mahali unapojua kuna moto, yaani stima inapita, kisha uijaribu mahali unapodhani hakuna, kisha uirudishe tena pale penye moto. Tesita nayo hufa. Ikifa ikiwa mkononi mwako, wewe ndiye unafuata.

La tatu ndilo lililonilisha. Alikuwa akisema, "Usimuulize mwenye nyumba ni nini kimeharibika. Muulize wamezoea nini." Sikuelewa hadi tulipoingia nyumba moja ambayo mama alisema soketi imekufa, basi. Ndeto akamuuliza wamezoea vipi na pasi. Yule mama akasema, bila wasiwasi wowote, kwamba wao huwa hawapigi pasi kama friji inanguruma, lazima wangoje inyamaze. Ndeto akanitazama. Tulipofungua ukuta, waya ulikuwa umeungua hadi karibu na dari. Familia nzima ilikuwa inalala chini ya moto na walichojua ni kungoja friji inyamaze.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa hapo hapo Kaloleni, swichi ya sebuleni iliyokuwa inatema cheche. Nikazima, nikapima, nikafungua, nikabadilisha. Nikapanguza na ukuta. Nikawa napanga vyombo vyangu kwa mfuko yule mama aliponiambia, "Ngoja kidogo, mrembo," akatoka mbio. Alirudi na mwanamume wa bucha ya pale kona, aproni yake bado ina damu.

"Ni hii?" yule wa bucha akauliza.

"Ndiyo. Huyu msichana ndiye ametengeneza."

Akaiwasha. Akaizima. Akaiwasha tena. Akainua uso akaitazama balbu kama mtu anayetazama mawingu.

"Iko sawa," akasema. "Umejaribu, sista."

"Na wewe ulisomea wapi?" nikamuuliza.

"Kusomea nini?"

"Stima."

"Stima? Mimi ni wa nyama."

Yule mama akamshukuru. Yeye, si mimi.

Nilidhani ni mama mmoja mwenye wasiwasi. Kumbe ni desturi. Mtaa baada ya mtaa, nikimaliza kazi lazima aitwe mwanamume wa kuangalia. Mwanamume yeyote. Nimeangaliwa na pasta. Nimeangaliwa na muuza makaa. Pale mtaa wa Fedha niliangaliwa na mtu wa mkokoteni aliyekuwa ameleta maji, na huyo nilimkatalia asiguse chochote kwa sababu mikono yake ilikuwa imelowa. Mwenye nyumba akasema nina dharau. Nilimweleza Ndeto hayo yote kwa hasira, naye akacheka mpaka akakohoa. "Wewe ulifikiri ni waya peke yake utatengeneza?" Kisha akachoka, akafunga virago akarudi kwao Machakos, na mimi nikabaki na ngazi.

Na bado nilikuwa naweza kuishi na hao wa kuangalia. Wanawasha, wanazima, wanaenda. Iliyonimaliza ilikuwa Komarock.

Kulikuwa na majengo ya kupangisha pale, ghorofa kwa ghorofa, mwenyewe mmoja, geti moja. Mpangaji mmoja aliniita nimwekee taa za jikoni. Nikafika getini na ngazi begani, mkanda wa vyombo kiunoni, na Imani mgongoni kwa sababu aliyekuwa akinishikia alikuwa mgonjwa. Soja wa geti, mlinzi aliyeitwa Mutiso, akanitazama.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akachungulia nyuma yangu.

"Huko nyuma kuna mtoto tu," nikamwambia. "Na yeye hajafika kiwango cha soketi."

Akamwita keateka, msimamizi wa majengo. Huyo aliitwa Njuguna, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na mtu wa namna hiyo muogope. Hakunifukuza. Aliniongelesha vizuri kabisa.

"Mama, si ubaya. Hapa kuna familia nyingi. Kukitokea kitu, mimi nitashika nani?"

"Utanishika mimi. Mimi ndiye fundi."

"Mama." Akatabasamu. "Njoo na mwanamume wa kuwajibika, hata awe anakaa tu hapo kando. Nitakufungulia geti hata kesho."

Wateja wa jengo lile walikuwa wengi, na kila mtu pale alikuwa na kitu kilichoharibika. Nikarudi nyumbani nikaongea na Baba Imani, na Baba Imani akasema si kuna Omosh.

Omosh ni ndugu yake mdogo. Shemeji yangu. Mrefu, mabega kama mlango, sauti nzito, na wakati huo alikuwa amekaa kwangu muda akila na kulala. Stima hakuijua hata ya kubadilisha balbu. Nikamwambia kazi yake ni kubeba ngazi, kuishika nikiwa juu, na kusimama mikono imefungwa kifuani. Akauliza, "Na wakiniuliza kitu?" Nikamfundisha maneno matatu. "Hebu tuone." "Hii waya imechoka." "Mwenye aliweka hii alikuwa na haraka." Nikamwambia hayo yatamtosha maisha yake yote.

Yakamtosha. Kesho yake Mutiso alifungua geti hata kabla hatujafika. "Niaje, fundi!" Alikuwa anaongea na Omosh.

Sitadanganya kwamba haikuchekesha mwanzoni. Mimi niko juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari, vumbi hadi kwa meno, na mwenye nyumba yuko chini anamuuliza Omosh kama hizi taa za kisasa zinakula tokeni nyingi za stima. Omosh anasugua kidevu. "Hebu tuone." Chai inaletwa, inapewa Omosh. Mimi naulizwa, "Na mama pia atakunywa?" Ukiwa juu unaona vipara vya watu. Niliviona vipara vya Komarock nzima na hakuna hata kimoja kilichoinuka kuniuliza swali.

Halafu ikaacha kuchekesha. Simu zikaanza kuingia kwa Omosh. Akanunua mkanda wa vyombo mpya wa ngozi, mzuri kuliko wangu, akawa anautembeza mtaani. Nikimwuliza bisibisi ya nyota ni ipi anainua koleo. Nilimlalamikia Baba Imani, naye akasema, "Si pesa inaingia nyumba moja? Unataka nini tena, jina?"

Ndiyo. Nilitaka jina. Nimeandika hapa ili msiulizwe swali kama hilo mkakosa jibu. Nilitaka mtu mmoja tu katika mtaa huo aseme "fundi" akiwa ananitazama mimi.

Sasa Mama Nasra. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, ana duka Eastleigh, mjane, amehamia Komarock na watoto wake kwa sababu alitaka mahali pametulia. Alikuwa ghorofa ya tatu. Aliita kwa sababu shawa ya maji moto ilikuwa inapiga shoti. Kidogo tu, alisema. Siku hiyo tulienda sote, mimi, Omosh, na Imani ambaye alikuwa ameanza kutambaa.

Alitukaribisha vizuri, akanipokea Imani akamweka kwenye zulia na biskuti. Nikafanya kama Ndeto. Sikumuuliza shawa. Nilimuuliza, "Mama Nasra, mmezoeaje hapa kwenu?"

"Kuzoea nini, dada?"

"Hii ya kupigwa."

"Aa, tunavaa slipa." Akaonyesha. Mlangoni mwa jikoni kulikuwa na slipa za plastiki zimepangwa ukutani, za kila mtu na rangi yake, hata za mgeni. "Bafuni na jikoni, lazima slipa. Ukivaa haisumbui. Na usishike mfereji kama mkono una maji, shika na kitambaa. Watoto washajua."

Alikuwa anaeleza kama mtu anayesema kwao viatu huvuliwa mlangoni. Nikageuka kuchukua tesita na ndipo nikasikia kelele. Imani alikuwa ametambaa kutoka kwa zulia hadi kizingiti cha jikoni, ambapo sakafu ilikuwa imelowa. Nasra, kifungua mimba wa yule mama, msichana wa darasa la tatu hivi, aliruka kutoka kwa kochi akamnyakua kwapani kama mtu anayenyakua mtoto barabarani.

"Hajavaa slipa!" akapiga kelele. "Mama, mtoto hajavaa slipa!"

Wote wakacheka. Mama Nasra akasema, "Umeona? Ni askari huyu." Mimi nikampokea Imani. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa amefundishwa na nyumba yake mwenyewe kwamba sakafu inaua, na watu wazima walikuwa wanacheka.

Sikilizeni hapa vizuri kwa sababu mtaulizwa siku moja. Nilizima stima yote ya nyumba ile kwa bodi yake, kile kisanduku cha swichi kuu. Taa zikafa, friji ikafa. Nikaweka tesita kwa mfereji wa jikoni. Ikawaka. Nikaijaribu upya jinsi mnavyojua, kwa soketi ya nje koridoni ambayo bado ilikuwa na moto, nikarudi kwa mfereji. Bado inawaka. Nyumba imezimwa na maji yake yana moto. Maana yake ni nini? Maana yake shawa haina makosa. Moto unatoka nyumba nyingine.

Kila nyumba ina waya wa athi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Kazi yake ni kuchukua moto uliopotea njia na kuupeleka chini kwa udongo, na huko chini kuna chuma kilichovikwa shaba kimepigwa ndani ya ardhi kuupokea. Athi za jengo zima hukutana kwa chuma hicho kimoja. Kikitoka, zile nyaya zinabaki zimeshikana zenyewe kwa zenyewe bila pa kwenda, na jiko bovu la mtu mmoja linapeleka moto kwa mifereji ya kila mtu. Nikashuka kwa chumba cha mita, nikakuta Njuguna ameacha mlango wazi. Waya wa athi ulikuwa unaning'inia umekatwa. Chini palikuwa na shimo. Shaba ilikuwa imeng'olewa ikaenda kuuzwa kwa chuma chakavu, na kwa vile buibui walikuwa washafuma utando kwenye shimo, haikuwa ya jana.

Nikamwita Mama Nasra aone shimo, kisha nikamwita Njuguna nikamwonyesha. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, taratibu. Nikamwambia jengo lizimwe leo, chuma kingine kipigwe, halafu tuwashe nyumba moja moja hadi tupate yenye hitilafu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka.

"Fundi, wewe unasemaje?"

Omosh alikuwa amesimama karibu na ngazi, mikono kifuani.

Najua alichokuwa anafikiria Njuguna. Chumba cha mita ufunguo ni wake. Shaba ikipotea, mwenye jengo ataanza na yeye. Na wapangaji wakizimiwa siku nzima watapiga simu kwa mwenye jengo huyo huyo. Alichotaka ni shawa. Shawa ni ya Mama Nasra, analipa mwenyewe, na hakuna anayeulizwa kitu.

"Maana nimekuwa nikifikiria," Njuguna akaendelea kwa ile sauti yake, "haya majengo yote yanahitaji fundi mmoja wa kudumu. Mtu anayeelewana na watu."

Omosh akalitazama lile shimo. Akanitazama mimi. Nikamtikisia kichwa, nikamwambia kwa macho, sema nilichosema, sema tu.

"Hebu tuone," akasema. Akapanda ngazi za jengo, akaenda hadi bafuni kwa Mama Nasra, akaitazama ile shawa muda mrefu. "Hii imechoka," akasema. "Badilisha shawa."

"Omosh!" nikasema. "Umepima na nini?"

"Shemeji, usiniaibishe mbele ya watu."

Nikamgeukia Mama Nasra. Nikamwambia hiyo shawa mpya haitasaidia, akaze kupigania jengo lizimwe, awatoe watoto jikoni kabisa, slipa si dawa. Alinisikia. Uso wake ulikuwa na hofu, hakuwa mjinga yule mama. Lakini akanijibu, "Dada yangu, nimfuate nani? Wewe unasema hivi na fundi anasema vile."

Shawa ikabadilishwa kesho yake. Sikuitwa. Omosh aliibadilisha mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Nikapiga simu kwa mwenye jengo, nikaambiwa masuala yote yapitie kwa keateka. Nikapiga kampuni ya stima, nikaulizwa mimi ni nani wa jengo hilo, mwenye mita ndiye apige. Nikarudi getini. Mutiso hakunifungulia. "Fundi hajaniambia mnakuja," akasema.

Baadaye, mchana mmoja, Nasra alitoka shule, akataka kufua soksi zake kwa sinki. Slipa yake ilikuwa imekatika kamba. Akaona soksi ni kidogo, haichukui muda. Akashika mfereji kwa kiganja.

Mama yake alikuwa nyumbani, na hiyo ndiyo ilimwokoa. Alimgonga mkono na mti wa mopu hadi ukaachia. Mtoto aliishi. Alilazwa, kiganja kikaungua, na vidole viwili hadi leo havikunjiki vizuri. Anaandika na mkono wa pili sasa.

Polisi walikuja kunitafuta mimi. Si Omosh. Mimi. Nilienda kituoni na Imani, ambaye bado alikuwa ananyonya, na nikamkuta Njuguna ameshafika, ameketi, ametulia, na Omosh kando yake.

"Afande," akasema, "fundi ndiye huyu mama. Cheti anacho, muulize. Huyu kijana huwa anambebea ngazi tu."

Na Omosh, kwa ile sauti yake nzito, mkanda wake wa ngozi ameuacha nyumbani, akasema, "Afande, mimi stima siijui hata kidogo. Mimi huwa nasimama tu."

Afande akafungua kitabu chake. Akaniuliza jina, nikamwambia. Akaniuliza ninapoishi, nikamwambia.

"Kazi?"

"Fundi wa stima."

Akaandika. Hakuinua macho. Hakuchungulia nyuma yangu. Hakuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Miaka yote ile ya kazi, huyo ndiye alikuwa mtu wa kwanza.

Nilikaa kituoni hadi jioni. Aliyenitoa ni Mama Nasra. Alitoka hospitali akaja na nguo alizokuwa amelala nazo, akasimama mbele ya kile kimeza akasema, "Huyu aliniambia. Alinionyesha shimo. Mimi ndiye nilimsikiliza yule mwingine." Njuguna akasema, "Lakini fundi ni yeye." Tukatoka nje pamoja, nikataka kumshukuru, nikataka kumuuliza mtoto anaendeleaje. Akanitazama akasema, "Ungepiga kelele zaidi." Akaenda zake.

Nimeyafikiria maneno hayo sana na bado yananiwasha. Nikipiga kelele mimi ni mama mwenye wazimu. Nikinyamaza mimi ni muuaji. Omosh alisema neno moja kwa sauti ya chini na jengo zima likamwamini. Ningepiga kelele ya ukubwa gani?

Mtaani habari ikafupishwa kama kawaida. Mimi nikawa yule mama aliyechoma mtoto. Kazi zikakauka. Nikauza ngazi. Vyombo nimeviweka chini ya kitanda, tesita peke yake ndiyo iko kwa droo ya jikoni. Omosh nilimtolea nguo zake nje na Baba Imani akajua asifungue mdomo. Yuko Fedha siku hizi, anaitwa Fundi Omosh, na nasikia ana wateja wengi. Mkiwa na shangazi Fedha, mwambieni avae slipa. Hapana. Mwambieni ahame.

Lile jengo walileta watu kutoka mjini wakapiga chuma kipya. Walipowasha nyumba moja moja walikuta ni jiko la stima la ghorofa ya kwanza. Mutiso ndiye aliniambia, tulipokutana sokoni. Njuguna bado ana ufunguo.

Jumapili iliyopita, giza likiingia, nilikuwa namsuka Imani simu ikalia. Alikuwa Mutiso, anahema.

"Fundi," akasema.

Nikadhani amekosea namba. "Unamtafuta nani?"

"Wewe, fundi. Namba yako nimepewa na Mama Nasra, amehamia South B siku hizi. Maji yanapiga tena huku. Nimeenda kwa chumba cha mita na ufunguo Njuguna aliouacha getini, ule waya unaning'inia, chuma kimeenda. Njuguna amesema tungoje Jumatatu. Fundi, kuna watoto huku."

Mkono wangu ulikuwa kwa kichwa cha Imani. Sikuuondoa.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Chumba cha mita."

"Umevaa nini?"

"Gambuti, zile za mpira."

"Mikono imekauka?"

"Imekauka."

"Tazama mbele yako, juu ya zile mita zote. Kuna kisanduku kikubwa cha chuma chenye mkono mwekundu. Usikiguse kisanduku. Shika plastiki ya ule mkono peke yake, uso wako ugeuze kando, uvute chini kwa mara moja. Halafu ufunge mlango na usimpe mtu ufunguo. Hata Njuguna."

"Lakini kuna mechi, fundi. Watu wote wanaangalia mechi."

"Mutiso, vuta."

Nikasikia mlio wa chuma. Kisha jengo zima likapiga kelele kwa pamoja, kila ghorofa, kila dirisha, aaaah, kama goli lililokataliwa. Imani alizisikia kupitia kwa simu akacheka.

"Imezima," Mutiso akasema. "Wanashuka wote, fundi. Wamekasirika. Sasa nifanye nini?"

"Hakuna. Mkae hivyo hivyo gizani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mpate mwanamume wa kuja kuangalia."

Nikakata simu, nikamalizia kusuka.